Paa la Faiba Halikatwi Kama Bati

Lotus Elite ilipoonyeshwa Earls Court, London, mwaka 1957, haikuwa na chasi. Magari ya faiba yalikwisha kuwepo, tena maarufu: Chevrolet Corvette ilianza kuundwa Marekani mwaka 1953. Lakini Corvette ilikuwa na fremu ya chuma chini, na faiba ililifunika gari tu. Elite ilikuwa faiba kuanzia sakafu hadi paa, isipokuwa vyuma vichache vilivyofichwa ndani. Vipande vitatu vikubwa vya bodi viligandishwa pamoja, na bodi hiyo ikabeba injini, magurudumu na abiria. Gari zima lilikuwa na uzito wa kama kilo 500.

Hapo ndipo kazi ya kubadilisha paa inapokuwa ngumu. Paa la Elite ni sehemu ya mifupa ya gari. Ukilikata bodi ikiwa haijashikiliwa, inaweza kujipinda milimita chache tu, usione kitu, mpaka siku ya kurudisha milango inapokataa kufunga. Lotus Elan, iliyofuata mwaka 1962, ni nafuu kidogo: chini yake kuna uti wa mgongo wa chuma. Aliyeisanifu ni Ron Hickman, mzaliwa wa Greytown, Afrika Kusini. Hata hivyo, Elan yenye paa la kudumu nayo inataka kupimwa kwanza, kukatwa baadaye.

Faiba yenyewe si kitu kigeni kwa watu wa pwani. Boti nyingi za uvuvi hutengenezwa na kuzibwa kwa vitu vilevile: nyuzi za kioo, rezini na kigumishi. Haishiki kutu wala haibonyei. Ikigongwa hupasuka, na nyufa husambaa kama miale ya nyota kutoka pale ilipogongwa. Mara nyingi nyufa hizo huzibwa kwa puti na kupakwa rangi, na baada ya misimu miwili mitatu hutokeza tena palepale. Magari mengine yaliharibiwa na wenyewe, waliotoboa paa ili waweke dirisha la juu. Kipande kimoja kinaweza kuzibwa vizuri, lakini paa lenye viraka vingi ni heri libadilishwe lote.

Paa jipya hutolewa kwenye kalibu, au hukatwa kutoka gari jingine lililokwisha kuharibika. Kabla ya kuwasha grainda, bodi hukazwa kwa vyuma vya muda ndani, kutoka nguzo hadi nguzo, huku milango ikiwa mahali pake na imefungwa. Kisha hupimwa pembe kwa pembe, na vipimo huandikwa.

Maungio ndiyo roho ya kazi. Kingo mbili zilizokutanishwa tu na kupakwa rezini zitaachana. Kila upande huchongwa kwa mteremko, na kanuni ya mafundi wengi wa boti ni mara kumi na mbili ya unene: faiba ya milimita 3 inataka mteremko wa milimita 36. Mkeka wa nyuzi huwekwa tabaka baada ya tabaka, ukisukumwa kwa rola ndogo mpaka viputo vya hewa vyote vitoke. Tabaka nyingi kwa mpigo mmoja ni hatari, kwa kuwa rezini inapoganda hutoa joto, na ikiwa nene mno inaweza kupasuka, hata kufuka moshi. Anayetumia epoksi, ambayo hushika faiba ya zamani vizuri kuliko rezini ya kawaida ya poliesta, achague na kitambaa kinachoendana nayo. Gundi inayoshikilia nyuzi za mikeka mingi huyeyushwa na rezini ya poliesta, si epoksi.

Kwenye Elite kuna jambo la ziada. Ndani ya fremu ya kioo cha mbele mna tao la chuma lililozikwa katika faiba, na hilo ndilo linaloshikilia bawaba za milango. Maji yakipenya penye mpira wa kioo, chuma hushika kutu, huvimba, na hupasua faiba kutoka ndani. Paa likiwa limetolewa, ndipo tao hilo hufikika kwa urahisi. Kuliacha bila kulikagua ni kuitupa nafasi ambayo huenda isirudi.

Vumbi la kusaga faiba huwasha ngozi na kudhuru mapafu, kwa hiyo barakoa ya kweli na miwani havina mjadala. Rangi nayo haiharakishwi. Rezini huendelea kusinyaa kwa wiki kadhaa, na ukipaka mapema, mistari ya maungio itajichora juu ya rangi, hasa ikiwa nyeusi na gari linashinda juani.

Mwenye gari la namna hii asikubali maungio yapakwe rezini kabla paa jipya halijawekwa kwa muda na kioo cha mbele kikajaribiwa juu yake. Faiba mbichi bado inarekebishika, kioo hakipindi.