Jiko la Kizuka

Ilikuwa jioni ya baridi kali katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, nilipokuwa mgeni wa shemeji yangu, na yeye, kwa kuwa hakupenda kunitoa nje katika upepo ule, akashika simu yake, akanionyesha safu ndefu ya migahawa iliyo tayari kutuletea chakula hadi mlangoni, akaniambia, "Shemeji, chagua roho ipendacho." Nikachagua baga za mgahawa mmoja ambao jina lake lilikuwa la kujigamba na picha zake za kudondosha mate. Muda si muda akaja mpelekaji na mfuko wa karatasi wenye jina lile lile. Tukaufungua, nikatia kinywani kipande cha kwanza cha chipsi, na papo hapo nikajua kwamba mafuta yale yalikwisha kukaangiwa samaki. Mimi ni mtu wa pwani. Mambo mengi ya ulimwengu huu hunipita, walakini harufu ya samaki hainipiti.

Shemeji hakustaajabu hata kidogo. Alitafuta anwani iliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la mgahawa, akaangua kicheko, kwani ilikuwa ni anwani ya hoteli ya samaki anayoipita kila siku aendapo kazini, ambayo kibao chake hakina hata neno moja la baga. Ama baga yenyewe, kwa insafu, haikuwa mbaya: vipande viwili vya nyama ya kusaga vilivyobanwa vikawa vyembamba juu ya chuma cha moto hata kingo zikafanya ukoko, jibini iliyoyeyuka, achari ya matango na kitunguu kilichokatwakatwa, ila mkate ulikuwa umelowa kwa mvuke wa safari, na kila nilipotafuna niliona kana kwamba changu au kolekole amepita karibu.

Wamarekani huliita jiko la namna hii jiko la mzimu. Mimi naona neno letu la kizuka lafaa zaidi, maana wazee walilitumia kwa pepo atokeaye na kutoweka, na kadhalika kwa mjane akaaye eda, ambaye wapita njia hawamwoni ilhali mtaa mzima wajua kwamba yumo ndani. Na vizuka hivi vi namna mbili. Kuna majiko yasiyo na ukumbi wala meza, kama yale masanduku ya chuma ambayo kampuni ya kupeleka chakula ya Deliveroo iliyaweka katika viwanja vya kuegesha magari London, na kama majengo ya CloudKitchens ya Travis Kalanick, yule yule aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa Uber. Namna ya pili ndiyo iliyonipata mimi: mgahawa wa kweli, wenye ukumbi na wateja wake, uliovaa jina la pili kwa ajili ya wale wasiouona kwa macho.

Sababu ya namna hii ya pili si ya siri. Mwaka 2020, korona ilipofunga kumbi za kulia chakula, majiko yalibaki na moto usio na wa kumpikia, na kodi ya pango haikungoja. Njia iliyosalia ilikuwa ni simu, na wenye programu za simu za kuagizia chakula walitoza hata asilimia 30 ya bei ya chakula, mpaka miji kama New York ikalazimika kuwawekea mpaka wa asilimia 15 kwa kazi ya kupeleka. Basi mwenye mgahawa akapiga hesabu: kwa kuwa mteja wa simu hatembei mtaani bali hupitisha kidole juu ya majina, jina moja zaidi ni sawa na duka moja zaidi sokoni, pasipo kuongeza tofali wala kodi. Hivyo ndivyo Chuck E. Cheese, mgahawa wa karamu za watoto wenye alama ya panya, ulivyoanza kuuza piza kwa jina la Pasqually's. Na mteja mmoja wa Philadelphia, aliyedhani anaisaidia biashara ndogo ya mtaani kwake, akagundua kwamba Pasqually ni jina la mpishi wa kubuniwa katika bendi ya panya yule. Kampuni ilijitetea kwamba mapishi ni mengine. Yamkini ni kweli, lakini aliyenuna hakununa kwa sababu ya unga.

Mfano mmoja mkubwa ni wa Jimmy Donaldson wa North Carolina, ajulikanaye na mamilioni ya watazamaji wa YouTube kwa jina la MrBeast. Mwezi wa Desemba 2020, MrBeast Burger ilifunguliwa kwa mkupuo mmoja katika mahali 300 hivi nchini Marekani, wala hapakujengwa ukuta hata mmoja, kwani kampuni ya Virtual Dining Concepts, ya Robert Earl, mmoja wa waanzilishi wa migahawa ya Planet Hollywood, iliwapa wenye migahawa iliyokuwapo maelezo ya upishi na vifungashio, na wapishi waliozoea tambi na mchuzi wa nyanya wakaanza kubana nyama. Sisi husema fulani ana mkono, tukimaanisha kwamba viungo ni vile vile lakini akipika yeye ladha ni nyingine. Sasa hapa palikuwa na maelezo mamoja na mikono mia tatu. Tarehe 31 Julai 2023 Donaldson aliishtaki kampuni hiyo, akidai kwamba ilijali kuenea kuliko ubora, huku akitaja malalamiko ya wateja kwamba nyama nyingine zilikuwa mbichi. Nayo kampuni ikakana, ikamshtaki yeye kwa kuvunja mkataba, ikidai fidia ya dola milioni 100.

Mwaka huo huo Uber Eats, programu ya kuagizia chakula, ilifuta majina yapatayo 5,000 ya migahawa ya aina hii, kwa kuwa mteja alikuwa akikuta vyakula vile vile vya jiko moja vimejipanga mbele yake kwa majina tele, na ikaweka sharti kwamba jina jipya liwe na vyakula ambavyo angalau asilimia 60 yake havimo katika orodha ya mgahawa wenyewe. Sharti jema, ila halisemi lolote juu ya mafuta ya kukaangia.

Kwetu nako jiko lisilo na ukumbi lilijaribiwa. Kampuni ya Kune ilipika kwa wingi Nairobi na kuwapelekea watu chakula walipo, na mwanzilishi wake, Mfaransa, alipohadithia kwamba aliambiwa haiwezekani kupata chakula kizuri kwa bei nafuu mjini humo, watu walimshangaa, wakamwuliza kama hajawahi kuketi kibandani. Kune ilifungwa Juni 2022.

Kesho yake nilimwomba shemeji anipeleke kwenye ile hoteli ya samaki. Tukakaribishwa, tukaketi, nami nikamwuliza mhudumu, kwa adabu zote, kama naweza kupata baga ya lile jina la kujigamba. Akanijibu kwamba hapo hawauzi baga, na alipokuwa akinijibu, nyuma yake, juu ya meza ya mlango wa jikoni, mifuko mitatu ya jina lile ilikuwa imejipanga ikingoja wapelekaji. Sikumwaibisha. Nikaagiza samaki wa kukaanga na chipsi, akaja wa moto, amekauka vizuri nje na laini ndani, tukamla mpaka kwenye miba.