Ngumi za Conjestina, Zahanati za Makueni

Mwaka 2004 Conjestina Achieng, bondia kutoka Siaya, alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kutwaa taji la kimataifa la ngumi. Miaka michache baadaye Wakenya walimwona kwenye runinga akiwa mgonjwa wa akili, akilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi. Mwaka 2022 alipelekwa Mombasa kutibiwa, na alipopata nafuu alizungumza na wanahabari mwenyewe.

Misuli haiukingi ubongo. Ugonjwa wa akili huchangiwa na urithi, hitilafu katika kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli za neva, na mikasa ya maisha. Mazoezi ya wastani hupunguza unyogovu, lakini anayeishi kwa michezo huandamwa na majeraha, usingizi haba, kipato cha kubahatisha na kustaafu angali kijana. Naomi Osaka, bingwa wa tenisi, alipojitoa kwenye mashindano ya Paris mwaka 2021, alisema amesumbuliwa na unyogovu tangu 2018.

Osaka anaweza kumlipa mtaalamu. Je, kijana anayefanya mazoezi Mwingi, Kitui, au mjini Wote, Makueni, atamlipa kwa nini? Kaunti ya Kitui pekee ina takriban kilomita 30,000 za mraba, na Mathari iko mbali. Akianza kusikia sauti zisizosikiwa na wengine, jamaa husema amerogwa.

Makueni imeonyesha njia. Profesa David Ndetei, Dkt Victoria Mutiso na wenzao waliwafunza wauguzi na maafisa wa kliniki wa vituo vya mashinani kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ulioandikwa kwa wahudumu wasio wataalamu wa magonjwa ya akili. Mhudumu huuliza maswali yaliyopangwa, hutambua unyogovu, saikosisi au kifafa, huanzisha tiba, na wagonjwa waliozidiwa huwapa rufaa. Wahudumu wa afya ya jamii, waganga wa kienyeji na wachungaji nao walishirikishwa, kwa kuwa aghalabu mgonjwa hufikia kwao kwanza. Dalili zilipungua, na wagonjwa wakaeleza kwamba ubaguzi dhidi yao umepungua pia.

Mwanamichezo akisema hadharani, "Naugua," huwapa wengine ujasiri wa kutafuta tiba. Lakini ujasiri huo utapotea bure wakifika zahanati na kukosa dawa au mtu aliyefunzwa. Kila kaunti, Kitui ikiwemo, iwafunze wahudumu wake na kutenga pesa za dawa, na makocha wafundishwe dalili. Bingwa asingoje hadi runinga imwonyeshe ndipo atibiwe.