Nani Atamngoja Langoni?

Jina Borstal ni la kijiji cha Kent, Uingereza, ambako mwaka wa 1902 wavulana walifundishwa mbali na wafungwa watu wazima. Hapa Kenya, Shikusa na Shimo la Tewa huwapokea vijana waliovunja sheria kwa muda usiozidi miaka mitatu, wasome na kujifunza useremala. Lakini mvulana aliyezoea kupiga wenzake, ukimfungia peke yake, atanyamaza leo tu. Hajajua afanye nini akitukanwa kesho. Hayo hufundishwa na mtu mzima amrudiaye kila juma, akimsikiliza. Paulo, akiwa kifungoni, alimlea Onesimo kama mwana, kisha akamwomba Filemoni ampokee. Deni angelilipa yeye. Sisi hupeleka sabuni na nyimbo wakati wa Krismasi. Siku ya kufunguliwa kwake, ni nani miongoni mwetu atakayemngoja langoni?