Mzigo ulipita, mwenye mzigo akabaki

Machi 25, 2020, Rais Yoweri Museveni alisitisha usafiri wa abiria nchini Uganda kwa siku 14. Siku tano baadaye magari binafsi nayo yalipigwa marufuku, na amri ya kutotoka nje usiku ikaanza. Siku hizo 14 ziliongezwa tena na tena, na usafiri wa umma haukurejea hadi Juni 4.

Malori ya mizigo hayakuzuiwa. Uganda haina bahari, na mafuta, dawa na vipuri vinavyoshushwa Mombasa huingia nchini kupitia Malaba na Busia. Sehemu ya shehena hizo huendelea hadi Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Congo. Hata bodaboda iliruhusiwa kubeba mzigo, ila si abiria.

Kwa maandishi, biashara ilikuwa inaendelea. Kwa mama anayevuka Busia na magunia mawili ya dagaa, ilikuwa imesimama. Mwenye kontena hahitaji kusafiri nalo, kwa kuwa ana wakala wa forodha, dereva na ankara. Mchuuzi huongozana na mali yake, huilipia ushuru mwenyewe na kuiuza mwenyewe. Aliponyimwa kiti kwenye teksi, mzigo wake nao ulikosa njia. Waliothubutu kupita njia za panya walihatarisha mtaji wote, kwa sababu bidhaa isiyo na karatasi haina wa kuitetea ikikamatwa.

Usafiri uliporejea Juni, teksi ya abiria 14 ilitakiwa kubeba saba, na nauli zikapanda. Wilaya za mpakani ziliendelea kuzuiwa. Bodaboda ziliruhusiwa kupakia abiria kuanzia Julai 27.

Malori nayo yalikuwa na shida zake. Awali dereva alichukuliwa sampuli mpakani na kuendelea na safari, na majibu yalimfuata njiani. Baadaye aliamriwa kusubiri majibu kabla ya kuvuka, na foleni Malaba ikafikia makumi ya kilomita kuelekea ndani ya Kenya. Kila nchi ilitaka kipimo chake, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia madereva na shehena, ili cheti kinachotolewa nchi moja kisomeke nyingine.

Hilo halikumaliza mvutano. Januari 2022 Uganda ilitaka madereva wapimwe kwa kulipia mpakani. Wengi waligoma, foleni ikarudi, na bei ya mafuta Uganda ikapanda sana kabla ya masharti kulegezwa.

Utaratibu wa kutenganisha mtu na mzigo umekwisha kutumika tena. Oktoba 2022, wakati wa mlipuko wa Ebola, watu walizuiwa kuingia na kutoka wilaya za Mubende na Kassanda, lakini malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita.

Kwa mfanyabiashara mdogo, maana yake ni moja: ajiandae kuuza bila kusafiri. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya unahusu bidhaa zinazotoka nchi wanachama, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na cheti chepesi cha uasili hutolewa mpakani. Wachuuzi wanaokusanya mizigo yao kwenye lori moja, kila mmoja akiwa na orodha na cheti chake, wanaweza kumwachia dereva na wakala kazi ya kuvusha. Malipo yanaweza kupita kwenye simu. Kinachobaki kigumu ni kumpata mtu wa kuaminika upande wa pili wa kupokea, kuuza na kurudisha hesabu.

Mtu huyo hapatikani siku mpaka unapofungwa. Hupatikana sasa, wakati wote wawili bado wanaweza kukutana sokoni, kukagua gunia pamoja na kukubaliana nani atabeba hasara likioza njiani.