Dai Hesabu za Kijiji Chako



Sisi watu wa Vudee tunajua kulinda maji. Ndiva hujaa usiku. Asubuhi hufunguliwa, na kila mwenye shamba anajua siku ya zamu yake. Mtu akiiba maji ya mwenzake, shamba lake huonekana limelowa. Ataulizwa, hata kama ni mjomba wako.

Je, fedha za kijiji tunazilinda namna hiyo? Tunachangia zahanati, shule na barabara. Tunabeba mawe na mchanga katika msaragambo. Lakini fedha zikishatoka mikononi mwetu, wengi hatuulizi tena. Huku milimani watu ni ndugu. Anayeshika fedha ni mtoto wa shangazi, na mwenyekiti ni shemeji. Tunaona haya kuuliza. Mla rushwa anaijua haya yetu, naye anaitegemea.

RUSHWA NI NINI?

Wengine hufikiri rushwa ni noti inayopitishwa chini ya meza tu. Sivyo. Mtumishi akikudai chochote ili akufanyie kazi ambayo analipwa mshahara kuifanya, hiyo ni rushwa. Kudai mwili wa mwanamke au wa mwanafunzi ili apate haki yake ni rushwa ya ngono. Kutumia cheo kujipatia faida isiyo halali ni kosa pia. Yote haya yamo katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Sheria hiyo inamshika anayepokea, na inamshika anayetoa.

SAHIHI YAKO INA THAMANI

Tazama habari ya vocha za pembejeo. Mwaka 2008 Serikali ilianza kueneza mpango wa vocha katika mikoa mingi, na Kilimanjaro ikiwamo. Mkulima wa mahindi alipewa vocha za mbegu bora na mbolea za kutosha eka 1. Serikali ililipa karibu nusu ya bei, na mkulima alilipa iliyobaki. Kamati ya vocha ya kijiji ilichaguliwa na wanakijiji wenyewe.

Mpango ulikuwa mzuri, na wengi walivuna zaidi. Lakini katika sehemu kadhaa za nchi wajanja waliingia. Wakala alimpa mkulima fedha kidogo, mkulima akatia sahihi au dole gumba, naye wakala akaondoka na vocha. Mbolea haikufika shambani. Wakala alikwenda kulipwa kana kwamba ameitoa. Baadaye mawakala walipoidai Serikali fedha za msimu wa 2015/2016, Serikali iliamua kuhakiki madai hayo kwanza. Ulikutwa udanganyifu mwingi.

Wizi huo usingewezekana bila sahihi. Mkulima aliyeuza sahihi yake kwa fedha ya sukari alikosa mbolea, na mwisho wa msimu akakosa mahindi. Wewe sasa unajua kusoma. Soma karatasi yote kabla ya kutia sahihi. Kama imeandikwa mifuko 2 na umepewa 1, usitie sahihi. Kama karatasi ni tupu, usitie sahihi. Na siku hizi mkulima aliyeandikishwa hupewa namba ya ruzuku ya mbolea. Usimpe mtu namba hiyo akutunzie.

WAZEE WETU WALIULIZA

Kudai hesabu si jambo geni Upare. Wakati wa Waingereza, wakuu wa wilaya na watemi walileta kodi iliyoitwa mbiru. Kila mtu alikadiriwa mali yake: mifugo, mashamba, kahawa. Wananchi hawakuelewa makadirio hayo yalivyofanywa. Waliona mmoja anapandishwa na mwingine anashushwa.

Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani mpaka Same. Walikaa huko wakidai kodi hiyo iondolewe. Wanawake wa Usangi nao waliandamana. Mvutano uliendelea mpaka mwaka 1947, na mwishowe mbiru ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa huku Upare, aliandika habari hizo mwaka 1971.

Wazee wale hawakuwa na sheria ya kuwapa haki ya kuuliza. Wewe unayo.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mwanamke na mwanamume wote wana haki sawa ndani yake. Mkutano huo unatakiwa kufanyika angalau mara 1 kila miezi 3. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi inapotakiwa kusomwa. Mkutano Mkuu ndio unaoichagua Halmashauri ya Kijiji, na una uwezo wa kuwaondoa wajumbe wake.

Ofisa Mtendaji wa Kijiji hachaguliwi kwa kura. Yeye ni mwajiriwa. Akikosea, malalamiko hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya, Same.

Vilevile, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu.

FANYA HIVI

1. Hudhuria mkutano. Miezi 3 ikipita bila mkutano, uliza kwa nini.

2. Kila unapolipa, dai stakabadhi. Itunze pamoja na vyeti vyako.

3. Taarifa inaposomwa, andika tarakimu katika daftari. Zilikusanywa shilingi ngapi? Zimetumika ngapi? Zimebaki ngapi? Kisha nenda ukaone kazi yenyewe. Kama zimenunuliwa bati 60, zihesabu juu ya paa.

4. Uliza kwa adabu, mbele ya watu wote. Usiulize peke yako kilabuni. Omba jibu liandikwe katika muhtasari.

5. Ukiombwa rushwa, toa taarifa TAKUKURU. Namba ya simu ni 113, nayo haina malipo. Tangu mwaka 2015 ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi.

Lakini jihadhari. Usimzulie mtu kwa sababu ya ugomvi wa mpaka au wa uchaguzi. Sema ulichoona, siku gani, na shilingi ngapi. Ushahidi wa namna hiyo humsaidia mpelelezi. Uvumi humharibia jina asiye na kosa na humfichia njia mwizi.

WAKUBWA JE?

Utasikia watu wakisema, "Wakubwa hawashikwi." Si kweli kila mara. Mwaka 2008 mawaziri 2 wa zamani, Basil Mramba na Daniel Yona, walishtakiwa kwa kutumia madaraka vibaya katika kuisamehe kodi kampuni moja ya kigeni. Bwana Yona aliwahi kuwa mbunge wa Same Mashariki. Julai 2015 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani na kuwahukumu kifungo cha miaka 3. Walipokata rufani kifungo kilipunguzwa kuwa miaka 2. Kesi ilichukua karibu miaka 7, lakini ilifika mwisho.

Kijijini si lazima tungoje miaka 7. Daftari lipo ofisini, na mkutano ni wetu.

Nami nayaandika haya nikiwa bwana shamba, mtumishi ninayelipwa kwa kodi yako. Mbegu za shamba la mfano zikiletwa, niulize zimefika kilo ngapi na amepewa nani. Sitakasirika. Mtumishi anayekasirika kwa kuulizwa hesabu, muulize mara ya pili.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Mkutano Mkuu wa kijiji chako ulifanyika lini mara ya mwisho?

2. Je, taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa? Ilisemaje?

3. Kwa nini tunaogopa kumwuliza ndugu yetu hesabu za fedha, na hatuogopi kumwuliza juu ya maji ya ndiva?