Simu Inakumalizia Siku Kazini? Chukua Hii Kutoka kwa Wachuma Chai wa Kericho

Wacha nikuulize na usinidanganye: leo asubuhi ulifungua laptopi saa ngapi, na kazi yenyewe ikaanza saa ngapi? Kama hapo katikati kuna video za TikTok, stetasi za watu na vita vya maseleb, basi kaa chini. Hii ni yako.

Na usijione mbaya, mko wengi. Ripoti ya Taasisi ya Reuters ya 2023 iliweka Kenya juu kabisa kwa matumizi ya TikTok kati ya nchi zilizoangaliwa. Asilimia 54 ya Wakenya waliohojiwa walisema wanaitumia. Hapo uko wewe, niko mimi, na yuko yule msee wa boda anangoja abiria huku anacheka na simu.

Sasa twende ocha kidogo. Ukitoka Kericho mjini ukishuka na barabara ya Litein, chai imejaa pande zote. Angalia mtu anayechuma kwa mkono. Kikapu kiko mgongoni, mikono yote miwili iko juu ya kichaka, anatafuta majani mawili na chipukizi. Analipwa kwa kilo. Mzani haumuulizi kama aliamka na stress ama alilala vibaya. Saa moja akiipoteza, jioni inaonekana kwa mzani.

Wewe unayeandika makala, unayegeuza sauti kuwa maandishi, unayeweka lebo kwa picha za kufundishia AI ama unayeuza viatu Instagram, pia unalipwa kwa kilo. Shida ni mbili. Hauna mzani wa kukuonyesha umepoteza nini, na mikono yako imeshika kitu ile ile inakupoteza.

Hii si story ya jaba. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho, juu watu waliona zinawanyang'anya kazi. Upande mwingine serikali ilianzisha Ajira Digital 2016, ikiambia vijana watafute kazi mtandaoni. Kwa hivyo kwa comrade wa Kabianga ama msee wa Bomet aliyemaliza shule na hana shamba, skrini ndio shamba lenyewe. Ukishindwa kukaa hapo saa moja bila kutoroka, tunaongea mambo ya unga.

Kwa nini simu inakushinda

Kwanza, mchezo haujawahi kuwa sawa. Zamani ukifika mwisho wa ukurasa ulilazimika kubonyeza ndio uende mbele, na hapo akili ilipata nafasi ya kusema "imetosha". Mwaka wa 2006 jamaa anaitwa Aza Raskin akabuni ule mtindo wa ukurasa usioisha, unashusha kidole na vitu vinaendelea kuja. Baadaye yeye mwenyewe alisema anajuta. Wewe unapigana na kitu ambayo haina mwisho, saa ngapi utashinda?

Pili, kurudi kwa kazi kuna gharama. Profesa Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amepima watu wakitumia skrini kwa miaka mingi. Mwaka wa 2004 mtu alikaa kwa skrini moja kama dakika mbili na nusu kabla ya kuruka kwingine. Vipimo vya miaka ya karibuni vimeshuka hadi kama sekunde 47. Mtafiti mwingine, Sophie Leroy, alionyesha 2009 kwamba ukiacha kazi moja ukaingia nyingine, sehemu ya akili inabaki kule ulikotoka. Ndio maana unasoma meseji moja tu, unarudi kwa sentensi yako, na hujui ulikuwa unasema nini.

Tatu, na hii iliniuma: simu inakusumbua hata kama haijalia. Utafiti uliotoka Chuo Kikuu cha Texas, Austin, 2017 uliona watu walioacha simu chumba kingine walifanya vizuri zaidi kwa majaribio ya akili kuliko walioiweka juu ya meza, na zote zilikuwa zimewekwa kimya. Akili inatumia nguvu kujizuia isiiguse.

Mimi nimelipa hiyo karo. Baada ya kuacha chuo nilipata mteja wa kuandikia makala, doo yake ndio ilikuwa rent. Siku moja nikasema niangalie video moja nikimaliza chai. Nilipoinua kichwa, saa ya kutuma kazi ilikuwa imepita. Mteja hakunitukana, alinyamaza tu, na hiyo kazi haikurudi. Hakuna mtu aliniibia. Niliiacha kwa kikapu ikaharibika, vile majani ya chai yakikaa sana bila kufika kiwandani yanapata joto na kubadilika rangi.

Sasa fanya hivi

*1. Chagua laini yako usiku.* Mchumaji haamki akianza kujiuliza ataingia shamba gani. Kabla ulale, andika kwa karatasi kazi moja ya kesho, na uweke namba. "Nitaandika kesho" haina maana. "Maneno 800 kabla ya saa nne" hiyo ni kazi. Na iwe karatasi, juu ukifungua simu kuangalia ratiba, unajua utaishia wapi.

*2. Piga kazi nzito kabla ya mvua.* Anayejua Kericho anajua asubuhi jua, mchana mvua, na mvua ikishuka stima inaweza kwenda nayo. Chaji kila kitu usiku. Saa mbili hadi saa sita iwe ya kazi inayotaka kichwa. Kujibu meseji, kutuma bili na kuposti vitu kukae mchana.

*3. Zima data, usizime simu.* Najua unaogopa kukosa simu ya bosi ama meseji ya M-Pesa. Ukizima data, simu zinaingia na M-Pesa inaingia, kinachobaki nje ni kelele. Pakua maagizo ya kazi kwanza, kisha ufanye bila intaneti. Kama simu ndio inapatia laptopi yako intaneti, iweke upande ule mwingine wa chumba, uso chini, na uzime arifa za kila programu ambayo haikulipi. Na kama simu ndio ofisi yako, ingia kwa mipangilio. Android nyingi ziko na Digital Wellbeing, na hapo unaweza kufungia TikTok na wenzake kwa masaa unayotaka. iPhone iko na Screen Time.

*4. Kata kazi vipande.* Muitaliano Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi miaka ya mwisho ya 1980, alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 kazi, dakika 5 kupumzika. Inafanya kazi mpaka leo. Lakini hizo dakika 5 usizipeleke TikTok, nimeshakwambia hakuna mwisho huko. Toka nje, nyoosha mgongo, ongeza chai.

*5. Ongea na watu wa nyumbani.* Hii hawaambiangi watu. Ocha, mtu aliye kwa laptopi anaonekana kama amekaa tu. Mara "peleka ng'ombe maji", mara "peleka majani kwa mzani kabla lori ije". Ukikasirika umepoteza. Kaa na mzazi umwambie: "Mama, kutoka saa mbili mpaka saa sita niko kazini. Kukiwa na dharura nipigie. Majani nitapeleka mchana." Kama lori huja asubuhi, basi sogeza masaa yako, lakini yajulikane. Siku doo ya kwanza ikiingia na umtumie kitu kidogo, hiyo laptopi itaheshimika.

Fanya hivyo pia na magrupu. La chama, la kanisa, la harusi ya binamu, yote yanyamazishe. Harusi itafika hata usipoona kila meseji. Na bosi anayekutumia meseji kila dakika kumi, muombe mkubaliane saa mbili za kupeana ripoti. Si kila usumbufu ni makosa yako, lakini mwingine utaisha tu ukiongea.

*6. Pima jioni.* Mkulima akipeleka majani kituo cha kununulia, anapewa risiti ya kilo zake. Wewe jipe yako. Kwa kijitabu andika vitu viwili: ulimaliza nini, na simu ilikula masaa mangapi. Simu yenyewe itakwambia ukiangalia mipangilio. Wiki ya kwanza utashtuka, sawa tu. Ni vizuri ushtuke na namba kuliko ushtuke na rent.

Usijiue na mabadiliko

Usijaribu yote sita kesho, utachoka kufikia Jumatano na urudi kwa kitanda na simu. Anza na namba tatu pekee, asubuhi moja, data ikiwa imezimwa kutoka saa mbili hadi saa nne. Kidole kitawasha, utaitafuta simu mara kadhaa bila kujua. Mimi bado natafuta yangu. Tofauti ni kwamba siku hizi iko chumba kingine, na uvivu wa kuinuka unanisaidia.

TikTok utaipata jioni vile uliiacha. Kilo za asubuhi zikipita, hakuna wa kukupimia tena.