Sukari na Madini ya Mwili: Kipimo Ndicho Kinachoamua

Wengi husema sukari huiba madini mwilini. Ingekuwa hivyo siku zote, mhudumu wa zahanati asingempa sukari mtoto anayeharisha, ambaye kila akienda haja anapoteza chumvi. Lakini humpa. Pakiti ya ORS, unga wa kurudishia mwili maji na chumvi, unaokorogwa katika lita moja ya maji safi, ina gramu 13.5 za glukosi pamoja na chumvi ya kawaida, potasiamu na sitrati. Glukosi hiyo haikutiwa kwa ajili ya utamu. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba ipo protini inayopitisha chembe mbili za sodiamu kwa kila chembe ya glukosi, na maji hufuata nyuma yake. Mwaka 1971, wakimbizi wa Bangladesh waliposhambuliwa na kipindupindu huko Bongaon, India, Dkt. Dilip Mahalanabis aliwanywesha mchanganyiko wa aina hii, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Sukari ikizidi, mambo hugeuka. Lita ya soda ya kawaida ina takriban gramu 100 za sukari, zaidi ya mara saba ya ORS, na sodiamu kidogo mno. Sukari nyingi hivyo huvuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, kuhara kukaongezeka na chumvi ikazidi kupotea. Hata kwa mtu mzima wa afya, majaribio yameonyesha kuwa akinywa glukosi nyingi, kwa saa chache figo hutoa kalsiamu na magnesiamu zaidi kwenye mkojo. Kwa mgonjwa wa kisukari kisichodhibitiwa, upotevu huo ni wa kila siku.

Atasema mtu kwamba anayekula vizuri hurudishia kiasi hicho. Ni kweli, na hapo ndipo penye tatizo: soda mara nyingi huchukua nafasi ya maziwa, dagaa, maharage na mchicha, na sukari nyeupe haina madini ya kufidia. Sukari guru inayo kidogo, ila ukitaka ikutoshe kwa madini utakuwa umeshakula sukari kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima. Soda ya nusu lita inamaliza kiasi hicho chote. Mzazi, mtoto akiharisha mpe ORS na zinki, wala usiiongezee sukari ili aipende.